Pale Jembe Linapozunguka

Insengela, Tunduma
17 Machi 2024

Kwa Gwantwa mjukuu wangu, mke wangu mdogo uliyenikimbia ukaenda Dodoma,

Pokea salamu zangu mimi babu yako Fanueli na za bibi yako Dina. Sisi wazima. Mguu wa bibi yako unavimba jioni lakini mdomo wake haujavimba, unafanya kazi kama kawaida. Baba yako Watson alipita na lori lake, akakwama kwenye foleni ya mpakani siku nne, akala ugali wangu siku zote nne ndipo akavuka. Mahindi yamebeba kuliko ya Sadoki. Sadoki anasema ni mbolea. Siyo mbolea, ni mkono.

Nakuandikia kwa karatasi, usinipigie simu kwa jambo hili. Simu ukimaliza kusema hakuna kitu kinabaki mkononi. Karatasi utamwonyesha mkubwa wako. Na mwandiko wangu asiucheke, mwambie huyu mzee alijifunza kusoma kwenye kisomo cha watu wazima akiwa tayari ana mke, akawa wa kwanza, na wa pili alikuwa mbali sana nyuma.

Sasa jambo lenyewe. Watu wa ofisi yenu walifika hapa mtaani. Kiongozi wao ni yule Felix uliyemtaja, mrefu kama mti wa simu, na kidude chake cha kupimia kinachoulizana na mbinguni. Akatukusanya uwanjani. Akasema mji wa Tunduma unapangwa upya, malori yatatafutiwa maegesho, na barabara ya mchepuo itapita upande wetu. Lakini kabla hawajachora wanataka wananchi wenyewe waonyeshe mahali pa urithi wao pasiguswe. Maneno hayo niliyapenda. Kisha akauliza, wazee, lile tanuru la zamani la kuyeyushia chuma liko wapi?

Mkutano wote ukanigeukia mimi. Wangemgeukia nani? Babu yangu ndiye aliyekuwa mwenye tanuru. Waliandika majina ya wazee tisa wanaojua, mimi wa kwanza. Wanawake walikuwa upande wao wanapika chai ya wageni.

Nikawapeleka mpaka nyuma ya kanisa, kwenye kile kichuguu kikubwa. Mavi ya chuma yametapakaa pale, yale mapande meusi yanayobaki chuma kikishatoka. Felix akapiga magoti, akaokota moja, akalipima uzito mkononi kama mtu anayenunua kuku. Sadoki akasema, "Mzee Fanueli, hapa si kichuguu tu?" Nikamwambia, "Sadoki, babu yako alikuwa anafua nini? Alikuwa anachunga mbuzi. Tuache tuongee wenye chuma." Watu walicheka mpaka mwenyekiti wa mtaa akaomba utulivu. Hata bibi yako nilimsikia anacheka kule kwenye sufuria.

Kwa hiyo kazi yako nimekufanyia. Waambie ni babu yako.

Nimempa barua hii kondakta wa basi. Nimemwambia ikipotea atanijua.

Ni mimi Fanueli, babu yako.


Dodoma
22 Aprili 2024

Shikamoo babu,

Na bibi mpe shikamoo yangu, mwambie mguu aunyanyue juu ya kigoda akikaa, asiuning'inize. Barua yako ilikaa ofisi ya mabasi mwezi mzima, nimeipata Jumamosi. Mimi mzima, joto tu. Mama alikuja kutoka Ileje akakaa nami wiki moja, ameniachia maharage ya kutosha mtaa mzima.

Babu, umenifurahisha na umeniokoa. Nilikuwa sijakueleza jinsi mambo yalivyokuwa hapa. Katika mchoro wa kwanza barabara ya mchepuo ilipita nyuma ya kanisa hasa, juu ya hicho kichuguu. Mimi sikuruhusiwa kuja Insengela kwa sababu ni kwetu, lakini nilikuwepo mezani maneno yako yalipoletwa. Mkubwa wangu akasema, tangu lini kichuguu kikahamisha barabara. Nikabishana naye siku mbili. Nikamwambia mzee aliyeonyesha mahali hapo ni babu yangu, na kwamba nimekuwa nikisikia habari za tanuru hilo tangu nikiwa mtoto. Nilitoa neno lako kama mtu anavyotoa kitambulisho, babu. Wakakubali.

Barabara imesogezwa upande wa mashariki, kuteremka kuelekea kijito. Hakuna nyumba itakayovunjwa wala kaburi litakaloguswa. Tumepata hata sehemu ambayo hailimwi na mtu. Kwenye picha iliyopigwa kutoka angani panaonekana kama kisiwa cha magugu katikati ya mahindi, mviringo mzuri kabisa. Maegesho ya malori yataanzia hapo. Nakuwekea nakala ya ramani. Barabara ni mstari mwekundu, na kile kinyota cha kijani nyuma ya kanisa ni tanuru lako.

Hiyo bado ni rasimu. Itabandikwa ofisi ya mtaa, na wananchi wataweza kuandika maoni yao katika daftari mpaka mwisho wa Agosti. Lakini naona wewe huna cha kulalamikia.

Mjukuu wako,
Gwantwa


Insengela
30 Mei 2024

Gwantwa,

Salamu. Sisi tupo. Bibi yako ameunyanyua mguu juu ya kigoda kama ulivyosema, sasa anaamuru nyumba nzima kutoka hapo. Baridi imeanza. Tumepukuchua madebe ya kwanza. Kuku wawili wameliwa na kicheche, nimemtega, nimemkamata, mkubwa ajabu, watu wamekuja kumtazama.

Barua yako nimeisoma siku ileile. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na kazi.

Ile barabara irudisheni mlipokuwa mmeichora mwanzo. Nyuma ya kanisa panafaa. Pamenyooka. Nani aliwaambia muisogeze? Mimi nilisema pahifadhiwe, sikusema barabara iende kijitoni. Mimi nimejenga reli na Wachina, mambo ya njia nayajua. Njia haipelekwi kwenye mteremko. Mhandisi wao mwenyewe aliwahi kuniuliza, Fanueli, tupite wapi, nikanyoosha mkono, wakapita hapo, na treni inapita mpaka leo.

Mwambie mkubwa wako mzee amesema irudi.

Bibi yako ameona ramani. Nilikuwa nimeiacha mezani. Ameweka kidole kwenye kile kisiwa cha magugu, akanitazama, akaenda kuchota maji na huo mguu wake.

Babu yako


Dodoma
19 Juni 2024

Shikamoo babu,

Nashukuru mko salama. Pole kwa kuku. Mimi nina mafua, si makubwa. Baba amenipigia kutoka Lubumbashi, anasema barabara ni mbovu lakini yeye mzima.

Babu, sijakuelewa. Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta sababu, sijaiona. Nilikaa siku mbili nikipigania kichuguu chako, sasa wewe mwenyewe unataka barabara ipite juu yake. Niwaambieje? Nikisema tu kwamba babu kabadili mawazo watanicheka, na wana haki.

Kuna jambo jingine, nalo linaniuma. Mtu mmoja hapa ofisini amesema kwa sauti, mimi nikiwepo, kwamba labda babu yake Gwantwa ana shamba huko kijitoni, ndiyo maana barabara inazungushwa kama nyoka. Sijui hata kama una shamba huko. Felix alinitetea, akasema huyo mzee alituonyesha mavi ya chuma kwa macho yetu.

Mpango wa mji haurudi nyuma bila sababu, babu. Niandikie sababu moja tu ya kweli. Nitaibeba mimi.

Msalimie bibi. Mbona alikutazama?

Gwantwa


Insengela
14 Julai 2024

Gwantwa mjukuu wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Mavuno yamekwisha, magunia yangu yamefika dari. Bibi yako hajambo. Unauliza mbona alinitazama. Mke hamtazami mumewe? Nimezeeka vizuri.

Sababu ulizotaka ni hizi. Kule kijitoni pana maji chini, lori likisimama litazama. Pana nyoka. Pana upepo. Na ardhi yake ina mawe yasiyopasuka. Hizo ni sababu nne, uliomba moja.

Huyo anayesema nina shamba kule, mwambie shamba si langu, ni la ukoo, na bibi yako na wake za wanangu ndio wanaolima, mimi sijakanyaga huko miaka mingi. Sina haja ya kukanyaga.

Wamekuja vijana wengine wa kupima wakafyeka njia yao huko. Wamechoma na magugu. Wamepanda bikoni za zege, vile vinguzo vya alama ya upimaji, moja wameiweka katikati hasa ya ule mviringo. Hiyo bikoni imeng'oka. Mwenyekiti wa mtaa ameniita ofisini kuniuliza mimi. Nina miaka sabini na tisa, ning'oe zege? Ingawa wakati wa reli nilibeba peke yangu taruma la reli ambalo Wachina walibeba wawili. Nilimwambia hivyo mwenyekiti. Akatazama mikono yangu, nikaiweka mfukoni.

Ofisini hapo Sadoki alikuwepo. Akasema, "Mzee Fanueli, huko kijitoni umepoteza nini?" Sikumjibu. Ni mara ya kwanza sijamjibu Sadoki.

Fanya haraka hiyo barabara irudi. Ukiwa na mamlaka huhitaji sababu.

Babu yako Fanueli


Dodoma
6 Agosti 2024

Shikamoo babu,

Nimepona mafua. Mama anawasalimu. Leo sitaandika mengi ya nyumbani, utanisamehe.

Bibi alinipigia kwa simu ya jirani. Tumeongea habari za mguu wake, za mbegu, za harusi ya mtoto wa Yunisi. Halafu kabla hajakata akasema, "Mwulize babu yako, pale kichuguuni nimechimba udongo wa kukandika jiko mara ngapi." Akakata. Nilipopiga tena, jirani akasema ameshaondoka.

Basi nakuuliza. Ulimpeleka Felix wapi, babu?

Usinijibu kwa hasira. Sikiliza kwanza kitakachotokea. Mwisho wa mwezi huu anakuja mtaalamu wa mambo ya kale kuweka alama pale nyuma ya kanisa. Huyo hatazami mavi ya chuma yaliyo juu, yeye anachimba. Akikuta mchwa na udongo wa kawaida, ataandika hivyo. Na mkubwa wangu amekwisha kusema, ikionekana wananchi wametudanganya sehemu moja, basi sura yote ya urithi inatolewa kwenye mpango. Yote, babu. Ile chemchemi ambayo akina Ikupa, jirani zenu, walituonyesha huku wakilia, makaburi ya upande wa juu, njia ya zamani ya wabeba chumvi. Watu wa mitaa saba walituamini wakatuonyesha vitu vyao. Mimi ndiye niliyesema tuwaulize. Wengine hapa walitaka tuchore kutoka ofisini.

Kazi yangu inaweza kwenda, nitatafuta nyingine. Lakini nikiwa mdogo uliniambia kwamba majembe ya nchi nzima yalitoka kwetu. Nimeishi na neno hilo. Kama tanuru lipo, liko wapi? Na kama halipo, niambie pia.

Gwantwa


Insengela
15 Agosti 2024

Gwantwa,

Bibi yako nimemtuma mbali, kwa mama Yunisi, asinisikie. Mimi nikiandika maneno hunitoka kwa sauti.

Sitaweka salamu ndefu. Tupo.

Nilipokuwa na ndevu tatu, baba yangu alinipeleka kule kwenye magugu. Ilikuwa asubuhi, umande umetulowesha mpaka kiunoni. Akafunua majani. Nikaona ukuta wa udongo mwekundu, umeungua mpaka umekuwa kama chungu, unanifika kifuani. Chini yake matundu, ndipo walipokuwa wakiingizia mabomba ya udongo na kupuliza kwa mifuo ya ngozi. Katikati ya sakafu pana shimo lenye jiwe juu, chini ya jiwe pana dawa. Baba akasema, jembe la kila mtu unayemjua lilizaliwa humu, mpaka ng'ambo ya mpaka, kabla mpaka haujawa mpaka. Wazungu walipoleta majembe ya dukani babu yangu aliuzima moto, lakini mahali hapakufa.

Kisha akaniapisha. Akasema mgeni akikuuliza usimkatalie, ukimkatalia atatafuta. Mpeleke pengine, umwonyeshe kitu, arudi kwao ameridhika. Na mwanamke asipajue, asilisikie hata jina lake. Wafua chuma walikaa mbali na wake zao mpaka tanuru lizimwe. Ndivyo lilivyolindwa. Baba mwenyewe aliwapeleka Wazungu wawili kwenye kichuguu hichohicho cha kanisani, wakapiga picha, wakampa sigara.

Basi Felix wako alipouliza, nikaisikia sauti ya baba kama yupo begani. Na nikuambie yote kwa kuwa nimeanza. Nilikuwa nimejua wiki moja kabla kwamba mnakuja, mwenyekiti alitangaza. Jumapili watu wakiwa ibadani nilihamisha mavi ya chuma kwa kikapu, safari sita, kutoka ukingoni mwa kijito, bila kuingia kwenye magugu, mpaka kichuguuni. Niliona nina akili kuliko ofisi yenu nzima. Na mkutano uliponigeukia wote, ilikuwa tamu. Hiyo nayo ni kweli.

Sikujua kwamba mtanisikiliza. Maisha yangu yote wakija watu wa serikali wanauliza, tunajibu, wanafanya walilokuja nalo. Nilidhani ni hivyo tena. Kumbe safari hii mlichukua neno langu mkahamisha barabara, mkaiweka juu ya tanuru. Nimelivunja kwa mkono wangu. Bikoni pia niliing'oa mimi nikafukia shimo lake, ulijua.

Miaka sitini na zaidi hakuna jembe lililogusa mahali pale. Wanalima pande zote, mahindi yanafika ukingoni, yanasimama. Hakuna aliyewakataza, hawajui kitu. Ni dawa ya babu yangu inayogeuza majembe yao. Dawa ya namna hiyo haipo tena nchini. Lakini haiwezi kugeuza tingatinga.

Sasa nimemwandikia mwanamke. Baba angenikata mkono. Chukua barua hii umsomee mkubwa wako, mimi nisionekane.

Fanueli


Dodoma
20 Agosti 2024

Babu shikamoo,

Nimesoma nikiwa nimesimama pale ofisi ya mabasi, nikaketi kwenye mizigo ya watu.

Siwezi kuisomea mtu barua hii. Nikiisoma mimi, watasema mjukuu ametunga ili ajiokoe. Maoni katika daftari yanaandikwa na mwenyewe, na anayasimamia mwenyewe mbele ya mkutano. Mkutano wa mwisho wa Insengela ni tarehe 28. Felix atakuwepo pamoja na mtaalamu. Mimi bado siruhusiwi.

Najua ninachokuomba. Sadoki atakuwepo.

Baba yako hakukosea alipotulinda na wale Wazungu. Wewe ulikosea tu kutuhesabu sisi pamoja nao.

Gwantwa wako


Insengela
1 Septemba 2024

Kwa Gwantwa mjukuu wangu,

Salamu zikufikie hapo ulipo. Upepo wa vumbi umeanza huku, macho yangu yananiuma. Bibi yako hajambo, hajambo kupita kiasi, utaona.

Nilikwenda. Nilivaa koti la kuzikia. Watu walikuwa wengi kuliko mwezi wa tatu, mwenyekiti alikuwa amewaambia kuna neno. Nikasimama nikasema, kichuguu cha kanisani ni kichuguu. Mavi ya chuma niliyapeleka mimi kwa kikapu. Tanuru lenyewe liko kijitoni, chini ya mstari mwekundu.

Nilitegemea watacheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa kucheka. Hawakucheka hata mmoja. Ikupa akasimama, akasema, "Mzee, chemchemi yetu ikifutwa kwenye karatasi kwa sababu ya kikapu chako, wajukuu zangu watakunywa nini, maji ya malori?" Sadoki akasema taratibu, "Kwa hiyo mimi nilisema kweli." Nikasema ndiyo Sadoki, ulisema kweli. Nikataka kuongeza habari ya mbuzi, nikaiacha.

Mtaalamu akasema twende tukaone. Nikatangulia. Gwantwa, mimi ndani ya ule mviringo sikuwa nimekanyaga tangu baba afe, niliogopa nikikanyaga watu watanifuata. Ile siku ya bikoni nilikwenda mbio nikarudi mbio. Na walikuwa wamefyeka na kuchoma, pamebaki majivu na visiki, pote pamefanana. Nikaonyesha mahali, vijana wakachimba, udongo mtupu. Nikaonyesha pengine, udongo mtupu. Nikasikia mtu nyuma anasema huyu mzee anatudanganya mara ya pili. Jasho likanitoka na upepo ule. Nikawaza, baba amepaficha hata kwangu.

Ndipo bibi yako akapita pembeni yangu na mguu wake na fimbo yake. Hakunitazama. Akaenda upande wa chini, akahesabu hatua kutoka kwenye kisiki cha msuku, akachoma fimbo kwenye majivu. Akasema, "Mmekwenda mbali. Ni hapa."

Wakachimba kina cha mkono mmoja tu. Ukuta ukatoka, mwekundu vilevile, udongo wa mteremko ulikuwa umeufukia miaka yote hii. Upande mmoja umevunjika, mtaalamu anasema ni ile bikoni walipoipigilia, au nilipoing'oa, haijulikani. Mimi najua ni yote mawili.

Nikamwuliza mbele ya watu, Dina, umepajuaje hapa? Akasema, "Mama yako alinionyesha mwaka nilioolewa. Alinileta na jembe, akaniambia hapa jembe linazunguka. Naye alionyeshwa na mkwewe. Mlipokuwa mnafua chuma chenu mlidhani chakula kinajileta?" Wanawake wakaanza kucheka, wote, Gwantwa, mpaka wake za wanangu, mpaka wale wa kwa Sadoki. Walikuwa wanajua. Ule mviringo mlioupenda kwenye picha ya angani ni wao walioulima, kila mwaka, wakizunguka. Nilikuandikia kwamba ni dawa. Kumbe dawa ilikuwa inarudi nyumbani jioni na jembe begani, inanipikia.

Felix akamwuliza, "Bibi, mbona hukusema mwezi wa tatu?" Akamjibu, "Uliuliza wazee, baba. Mimi nilikuwa napika chai yako."

Felix akafungua daftari, akaandika upya majina ya wanaojua mahali. La kwanza Dina. Wakaandikwa wanawake kumi na mmoja. Mimi nikaandikwa mwisho, nikatia sahihi yangu kamili, wao wengine dole gumba, nilitaka kulisema hilo lakini haikuwa siku yake.

Mtaalamu amefunika ukuta kwa turubai na mawe. Felix amesema hawezi kuahidi. Maegesho yamekwisha kuchorwa, kamati itakaa mwezi wa kumi, na wako watakaosema tumewachezea. Habari ya chemchemi ya Ikupa pia amesema hajui. Ikupa amepita hapa leo asubuhi, amemsalimia bibi yako, mimi hakunisalimia. Nitakwenda kwake kesho. Sijui nitasema nini nikifika.

Lile jiwe la katikati hawajalifunua. Nimewaomba waliache, wamekubali kwa sasa.

Wewe njoo kabla kamati haijakaa. Usije kama ofisi, njoo kama mtoto wa hapa. Nilikuwa nimepanga kukupeleka mwenyewe, nikushike mkono, nikuonyeshe kitu ambacho hujawahi kukiona. Nimemwambia bibi yako mpango huo jana tukila. Akasema wewe ulikaa mgongoni kwake misimu miwili akipalilia pale, na ulipoanza kutembea ulikuwa unafika kwenye magugu unazunguka mwenyewe, bila kuambiwa.

Kwa hiyo hutahitaji mkono wangu. Lakini njoo na wako niushike, mimi ndiye nisiyeijua njia.

Ni mimi babu yako,
Fanueli